Kufuata ngao ya Pylos: safari ya Athens, Sparta, Olympia na Delphi

Jumatatu, Athens

Watu wakifika Athens wanakimbilia Acropolis na siwalaumu, ile Parthenon ukiiona usiku imewashiwa taa juu ya mwamba unasimama tu njiani. Ila mimi nilishamwambia shemeji toka kwenye simu kwamba sehemu ya kwanza nataka tuanze Pnyx. Yeye kakaa huku miaka mingi, kazi yake iko bandarini Piraeus, na kile kilima hajawahi kukipanda. Akaniuliza, mwalimu kule kuna nini? Nikamwambia shem ndo bunge lenyewe lilikuwa pale, bunge la watu wote sio la wawakilishi.

Kipo magharibi ya Acropolis, unapanda taratibu katikati ya misonobari. Tulivyofika asubuhi hakukuwa na watu zaidi ya mzee mmoja na mbwa wake. Unachokuta ni uwanja wa mwamba na kwenye mwamba huohuo wamechonga jukwaa lenye ngazi, wanaliita bema. Hakuna paa, hakuna jumba. Wananchi walikaa chini hapo, mpiga mbiu anauliza nani anataka kusema, na raia yeyote anapanda anasema, fundi viatu au tajiri wa mashamba, af kura inapigwa kwa kunyoosha mikono. Vita au amani, kodi, merikebu ngapi zitoke, nani awe jenerali, yote yaliamuliwa hapa. Kuna mambo mazito ambayo bila watu 6,000 hayapitishwi. Karne ya 5 KK watu waliokuwa wanazubaa sokoni walisukumwa kuja mkutanoni kwa kamba iliyopakwa rangi nyekundu, baada ya mwaka 403 KK ndo wakaanza kulipana posho ya kuhudhuria.

Sasa kusema "kila mtu" inabidi niwe muwazi, ni kila mwanaume mtu mzima aliye raia. Wanawake hapana, watumwa hapana na walikuwa maelfu kwa maelfu, wageni waliohamia Athens hata wakikaa vizazi viwili na kupigana vita vyake hapana. Mwaka 451 KK Pericles, kiongozi wao mkubwa, akapitisha sheria kwamba raia ni yule ambaye baba NA mama wote ni Waathene. Hiyo sheria naomba muikumbuke, itarudi kwake mwenyewe.

Kitu ambacho nilitaka kukiona kwa macho ni jinsi uwanja ulivyoelekea. Plutarch, mwandishi wa kale, kaandika kwamba ile serikali ya madikteta Thelathini iliyowekwa na Sparta mwaka 404 KK baada ya kuishinda Athens vitani iligeuza jukwaa, zamani lilitazama baharini wao wakaligeuza litazame nchi kavu, kwa sababu waliamini bahari ndo mama wa demokrasia na wakulima hawana shida na utawala wa wachache. Wachimbaji nao wamekuta kwamba uwanja kweli ulipinduliwa upande mwishoni mwa karne ya 5 KK. Nilikaa pale nikimweleza shemeji kwa nini bahari, kwamba merikebu za Athens zilipigwa makasia na raia maskini wasio na uwezo wa kununua ngao wala deraya, na mji ukiwategemea hao kuishi huwezi kuwanyima kura. Wanaonyoosha mikono hapa kesho yake mikono hiyohiyo inashika kasia. Kwangu mimi hicho ndo kiini cha Athens, kuliko nguzo zote za marumaru.

Jumanne, Agora

Siku nzima sokoni kwao, na siku nzima haikutosha.

Kwenye ile Stoa ya Attalos (stoa ni ukumbi mrefu wa nguzo) waliyoijenga upya ndani kuna makumbusho madogo na hapo ndo kuna serikali nzima ya Athens imewekwa kwenye makabati ya vioo. Kuna jiwe refu lenye matundu mengi kwa mistari, mashine ya bahati nasibu, kila raia anachomeka kibati chenye jina lake, zinamwagwa gololi nyeupe na nyeusi kwenye bomba la pembeni na mstari unaoangukiwa na nyeupe ndo wamepata kazi siku hiyo, yaani uamuzi wa mahakama hauwezi kununuliwa usiku maana hakuna anayejua kesho nani atakaa. Kuna saa ya maji, vyungu viwili kimoja juu kimoja chini, maji yakiisha na wewe umemaliza kusema, kama dakika 6. Kuna vibati vya kura vya shaba vyenye mhimili katikati, mmoja una tundu mwingine hauna, unaziba ncha kwa vidole hakuna anayeona umemhukumu nani. Nchi ngapi leo zina mambo haya nusu yake?

Halafu vigae. Mara moja kwa mwaka waliulizana kama kuna mtu anayezidi kuwa na nguvu za kuhatarisha mji, wakikubali kila mtu anaandika jina kwenye kigae cha chungu, zikifika kura 6,000 anayeongoza anaondoka miaka 10, mali zake haziguswi, akirudi anarudi na heshima yake. Jina la Themistocles lipo pale, huyu aliyeshinda Salamis mwaka 480 KK na kuokoa Ugiriki yote, na miaka kama tisa baadae wakamfukuza. Kwenye kisima kimoja karibu na Acropolis wamekuta vigae 190 vyenye jina lake na maandishi yake ni ya mikono ya watu 14 tu hivi, maana yake kuna kikundi kilikaa kikaandaa kura mapema kigawie watu. Kampeni chafu haikuanza juzi.

Lakini nilichokuja kukitafuta ni ngao. Iko kwenye kabati, bamba la shaba lililobonyea na kuliwa na udongo, kubwa kuliko nilivyotegemea, wameichimba mwaka 1936 kwenye shimo la maji hapahapa Agora. Juu yake mtu ametoboa maneno kwa nukta nukta: Waathene kutoka kwa Walakedaimoni kutoka Pylos. Walakedaimoni ndo Wasparta. Yaani hii ngao ilikuwa mkononi mwa askari aliyesalimu amri kwenye kisiwa cha Sphacteria mwaka 425 KK, siku ambayo Ugiriki nzima haikuamini, maana Msparta ilijulikana anakufa hasalimu. Karibu miaka 600 baadae msafiri Pausanias alizikuta ngao za Pylos bado zimetundikwa kwenye Stoa ya Michoro, zimepakwa lami zisiliwe na kutu.

Nilikaa mbele ya hilo kabati mpaka mlinzi akaja kunisalimia. Njia yetu iliyobaki inaifuata hiyo ngao.

Jumatano, Kerameikos na Piraeus

Asubuhi makaburini Kerameikos. Majira ya baridi ya mwaka 431 kuingia 430 KK, mwaka wa kwanza wa vita vya Athens na Sparta, waliwazika wafu wao hapa nje ya lango, majeneza 10 ya mbao moja kwa kila kabila, na kitanda kimoja kitupu kwa ajili ya wale ambao miili haikupatikana. Pericles ndo alihutubia. Watu hunukuu pale alipoisifia demokrasia, mimi kila siku najikwaa pale mwishoni alipowaambia wajane kwamba sifa yao kubwa ni kutotajwa na wanaume kwa mema wala mabaya.

Miezi michache baadae ikaja tauni. Pericles alikuwa amewaingiza watu wote wa vijijini ndani ya kuta ili Wasparta wachome mashamba matupu, mbinu nzuri kwenye makaratasi, ila mji ukajaa, watu wanalala kwenye mahekalu na vibanda, ugonjwa ukala. Walipokuwa wanachimba stesheni ya metro hapa jirani miaka ya 1990 walikuta shimo lenye watu kama 150 wametupwa bila mpangilio, na kutoka kwenye fuvu la msichana wa miaka 11 hivi wataalamu wakatengeneza sura yake wakamwita Myrtis. Pericles mwenyewe alifiwa na wanawe wawili wa ndoa, akabaki na mmoja aliyezaa na mwenzi wake Aspasia ambaye sio mzaliwa wa Athens, na kwa sheria yake ya 451 yule mtoto sio raia. Ikabidi awaombe wananchi wamvunjie sheria aliyoitunga. Wakamhurumia, wakampa mtoto uraia na jina la baba. Mwaka 429 KK Pericles akafa.

Mchana tukashuka Piraeus, eneo la shemeji, hapa yeye ndo alikuwa mwalimu. Tulikula dagaa wa kukaanga, af tukaenda Palaio Faliro kuiona Olympias, merikebu ya vita waliyoijenga miaka ya 1980 kwa kufuata ya zamani, safu tatu za makasia, wapiga makasia 170 na mdomo wa shaba mbele wa kutoboa meli ya adui. Shemeji kazaliwa Lamu, mambo ya mbao anayajua, akainama akaniuliza hizi mbao zimeshikanaje, maana mtepe wa kwao ulishonwa kwa kamba. Za hawa Wagiriki zimechomekwa kwa ndimi ndani kwa ndani. Na kumbe yule mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki karne ya 1 BK kuhusu pwani yetu na soko la Rhapta alizitaja zile boti za kushonwa, na pembe za ndovu. Shemeji alifurahi sana kusikia hivo.

Hapa ndo nikamsimulia ya Mytilene, maana bila hiyo huwezi kuielewa Pnyx. Mwaka 427 KK mji wa Mytilene kisiwa cha Lesbos uliasi ukashindwa. Mkutano ukakaa na hasira, mwanasiasa Cleon akachochea, wakaamua wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe, merikebu ikatumwa na amri. Asubuhi yake watu wakaamka na uzito moyoni, wakadai mkutano urudiwe. Cleon akapanda tena akawaambia huruma itawaua, mtu mmoja aitwae Diodotus akajibu kwamba hasira na haraka ndo maadui wa uamuzi mzuri, mikono ikanyooshwa, Diodotus akashinda kwa tofauti ndogo. Merikebu ya pili ikatoka wakati ya kwanza imeshatangulia mchana na usiku. Hawakusimama kupika, walikula unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta huku wanavuta kasia, wanalala kwa zamu. Ile ya kwanza haikuwa na haraka na kazi yake mbaya. Amri ilikuwa imeshasomwa, inataka kutekelezwa, ndo ya pili ikaingia bandarini.

Viongozi wa uasi zaidi ya 1,000 bado waliuawa, sitaki kuificha. Ila mji ulipona. Na wanaume waliovuta yale makasia walikuwa watu wa Pnyx wenyewe. Mimi naipenda demokrasia ya hawa watu kwa ajili ya huo mkutano wa pili, sio ule wa kwanza. Mwaka 416 KK kule Melos hakukuwa na mkutano wa pili, wanaume wakauawa wote.

Alhamisi, Sparta

Gari tumekodi, tumepita Korintho na mfereji wake, ukaja Tripoli, masaa kama matatu na kitu tupo Sparta. Mji mdogo uliotulia, michungwa barabarani, nyuma yake mlima Taygetus una theluji juu kabisa.

Thucydides, jenerali wa Athens aliyefukuzwa akaja kuiandika hii vita, alisema siku Sparta ikiwa mahame wajao hawataamini kwamba ilikuwa na nguvu, maana haina mahekalu makubwa wala majengo ya fahari, ni vijiji tu vimekaa pamoja. Ndo hivo kabisa. Kuna mawe katikati ya mizeituni, kuna ukumbi wa michezo wa wakati wa Warumi, kuna sanamu ya Leonidas ya kisasa watu wanapiga nayo picha. Tulimaliza magofu kabla ya chakula cha mchana.

Ila mfumo wao haukuwa wa mawe. Wafalme wawili kwa pamoja, baraza la wazee 28 waliozidi miaka 60 wakichaguliwa kwa kelele za watu, aliyeshangiliwa zaidi ndo kapita, na waefori, yaani wasimamizi wa serikali, 5 wa mwaka mmoja mmoja wenye uwezo wa kumshtaki hata mfalme. Mtoto wa kiume anachukuliwa miaka 7 kwenda kwenye mafunzo. Wasichana wa Sparta nao walikimbia na kurusha mkuki hadharani, wanawake wao walimiliki ardhi, jambo ambalo Athens haikuota. Kwenye hekalu la Artemis Orthia kando ya mto Eurotas vijana walichapwa viboko mbele ya madhabahu, na enzi za Warumi wakajenga viti vya watalii kuja kuangalia damu. Tulisimama hapo, nyasi zimejaa, vyura wanalia.

Nani alikuwa analima sasa wakati wanaume wote ni askari? Waheloti. Watu wa Laconia na Messenia waliogeuzwa watumwa wa ardhi, kizazi kwa kizazi, wengi kuliko mabwana zao mara nyingi. Kila mwaka waefori walitangaza rasmi vita dhidi ya waheloti ili ukimuua isiwe dhambi. Na kuna kisa ambacho mimi kila nikikisoma natetemeka: walitangaza kwamba waheloti wanaojiona wamepigana vizuri kuliko wote vitani wajitokeze wapewe uhuru, wakajitokeza wakachaguliwa 2,000, wakavikwa mataji wakazunguka mahekaluni wakishangilia, muda si mrefu wakatoweka wote na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje. Waliojiona wanastahili uhuru ndo waliogopwa. Leo mtu akivaa fulana ya Msparta na kofia yenye manyoya natamani nimkalishe nimsimulie hii.

Ijumaa, kuvuka Taygetus

Barabara ya Langada kutoka Sparta kwenda Kalamata ni kona juu ya kona, mwamba umeninginia juu ya gari, shemeji anaendesha kimya na mimi nimeshika mlango. Ukivuka huu mlima umeingia Messenia, nchi ya waheloti, na ghafla ni kijani, mizeituni isiyo na mwisho. Unaelewa kwa nini Wasparta hawakuweza kuiachia.

Tulilala kijiji cha Mavromati, chini ya mlima Ithome, na hapo kuna mji wa Messene. Mwaka 371 KK jenerali Epaminondas wa Thebes aliwapiga Wasparta pale Leuctra, na 369 KK akaja mpaka huku akawajengea Wamessenia mji wao, na waliokuwa uhamishoni wakarudi. Kuta zake zilikuwa na urefu wa kilomita 9, lango la Arcadia bado limesimama na barabara ya lami ya leo inapita katikati yake. Kuna uwanja wa mbio, kuna ukumbi wa michezo, kuna chemchemi. Nimeona magofu makubwa zaidi ila haya ndo yamenigusa kuliko yote, mawe yamekatwa kwa uangalifu wa watu ambao babu zao walikatazwa kuwa na mji. Wageni tuliowakuta hawafiki 20. Mkienda Ugiriki nendeni Messene, nawaomba.

Jumamosi, Pylos

Hatimaye. Ghuba ya Navarino imefungwa na kisiwa kirefu chembamba, ndo Sphacteria. Kaskazini kuna rasi yenye ngome ya Wafaranga (watu wa Ulaya magharibi) wa zama za kati juu yake na chini ufukwe wa Voidokilia uliopinda mviringo kamili. Tulipanda mpaka kwenye ngome, njia mbaya mawe yanateleza, ila juu pale unauona uwanja mzima wa vita.

Dhoruba ndo ilileta Waathene hapa mwaka 425 KK. Jenerali Demosthenes akataka wajenge ngome wenzake wakamcheka, af upepo haukuisha na askari wamechoka kukaa bure, wakaanza kujenga wenyewe, hawana vyombo vya kubebea udongo, wanaubeba migongoni wameinama mikono nyuma usimwagike. Wasparta wakaja, wakaweka askari 420 kisiwani, merikebu za Athens zikaingia ghubani zikashinda na wale 420 wakabaki wamefungiwa. Sparta ikashtuka mpaka ikaomba amani. Pale Pnyx Cleon akawashawishi watu wakatae. Chakula kikawa kinaingizwa kisiwani na waheloti walioahidiwa uhuru, wengine wanapiga mbizi wakivuta kwa kamba viriba vya mbegu za afyuni na asali na mbegu za kitani zilizotwangwa. Angalieni hilo, mheloti anahatarisha roho kumlisha bwana wake ili awe huru.

Miezi ikapita. Mkutanoni Cleon akamsema jenerali Nicias kwamba makamanda wangekuwa wanaume kazi ingeshaisha, Nicias akamjibu basi nenda wewe, watu wakapiga kelele nenda nenda, Cleon akajaribu kurudi nyuma haikuwezekana, akaahidi ndani ya siku 20 atawaleta hai au kuwaua hukohuko. Na alifanya. Moto ulikuwa umeshateketeza msitu wa kisiwa, wakaonekana. Waathene wakashuka na wapiga mishale na warusha mawe, Msparta mwenye silaha nzito anamkimbilia mwepesi hamfikii. Waliobaki wakajifungia kaskazini juu ya mwamba, na hapo kamanda wa Wamessenia waliokuwa upande wa Athens akaomba apewe watu wachache, akapita genge la bahari ambalo Wasparta hawakulilinda, akatokea nyuma yao. Mtoto wa wakimbizi waliofukuzwa na Sparta ndo alifunga mlango.

Wakauliza makao makuu wafanyeje, jibu likarudi: amueni wenyewe, msifanye la aibu. Wakaweka ngao chini. Waliochukuliwa hai ni 292, kati yao Wasparta kamili kama 120. Baadae huko Athens mtu akamuuliza mfungwa mmoja kwa dharau, kwa hiyo waliokufa ndo walikuwa wanaume? Akajibu, ungekuwa mshale wa thamani sana huo unaojua kuchagua mwanaume.

Tulikaa ngomeni mpaka jua likawa kali. Nilikuwa naangalia ile ncha ya kaskazini ya kisiwa nikifikiria ngao ya kwenye kabati.

Jumapili, Olympia

Watu wengi, mabasi ya watalii mfululizo. Nguzo za hekalu la Zeus zimelala chini kwa safu, zimeangushwa na tetemeko. Uwanja wa mbio ni mita 192, watoto wa shule walikuwa wanakimbia na waalimu wao wanapiga filimbi.

Mashindano yakikaribia wajumbe walipita kutangaza amani ya njia, yaani uweze kusafiri kuja hapa bila kushambuliwa, vita vyenyewe havikusimama popote pengine. Mwaka 420 KK Sparta ilifungiwa kabisa kwa kuvunja hiyo amani, na tajiri wa Sparta aitwae Lichas akaingiza farasi wake kwa jina la mji mwingine, wakashinda, alipojitokeza kumvika taji mwendeshaji wake waamuzi wakamchapa viboko mbele ya umati.

Ila mimi nilikuja kwa ajili ya Nike, sanamu ya mungu wa kike wa ushindi iliyochongwa na Paionios. Ipo makumbusho, chumba chake peke yake, mwanamke mwenye mbawa anashuka kutoka angani nguo imebanwa na upepo, sura imevunjika lakini mwili wote unatembea. Ilikaa juu ya nguzo yenye pembe tatu mbele ya hekalu. Maandishi yake yanasema Wamessenia na Wanaupaktia (watu wa Nafpaktos) wameitoa kwa Zeus, sehemu ya kumi ya mateka kutoka kwa maadui. Maadui gani? Haijaandikwa. Pausanias kasema Wamessenia wenyewe waliamini ni kwa ajili ya Sphacteria, na jina la adui halikuandikwa kwa kuogopa Wasparta. Watu ambao Sparta iliwahesabu kama mifugo, wamesimamisha ushindi wa marumaru mbele ya Ugiriki yote, na bado wakauma ulimi. Nilimwonyesha shemeji nikashindwa kumalizia sentensi.

Jumatatu, Nafpaktos na Delphi

Daraja la Rio–Antirrio tumelipita asubuhi na ushuru wake sio mdogo, dakika chache tu upo Nafpaktos, bandari ndogo yenye kuta. Hapa ndo Athens iliwapa makazi wale Wamessenia wakimbizi katikati ya karne ya 5 KK. Kahawa moja, tukaendelea.

Delphi ipo juu ya bonde la mizeituni, miamba nyuma yake. Kabla ya vita Sparta ilituma watu kumuuliza mungu Apollo, kupitia Pythia, kuhani wake wa kike, wakajibiwa wakipigana kwa nguvu zao zote watashinda. Na walishinda, mwaka 405 KK kamanda wao Lysander alizikamata merikebu za Athens zikiwa zimetiwa ufukweni Aegospotami wenyewe wametawanyika kutafuta chakula, na 404 kuta ndefu za Piraeus zikabomolewa kwa muziki wa wapiga filimbi. Lysander akaja kujisimamishia sanamu hapa mlangoni kabisa, pamoja na maamiri wake. Limebaki jukwaa lake tu, unapita pembeni ukielekea hazina ya Waathene.

Niliyemtafuta Delphi hakuwa Lysander. Chini ya hekalu la Apollo kuna ukuta wa mawe yaliyokatwa yakakumbatiana bila mstari mmoja ulionyooka, na umejaa maandishi madogo, mamia ya hati za kuachia watumwa. Mtumwa "anauzwa" kwa mungu, bei inatajwa, mashahidi wanatajwa, na kuanzia hapo yuko huru. Wengi ni wanawake. Wengine hati inasema abaki kumtumikia bwana mpaka bwana afe. Watu wanaupita wakikimbilia juu kupiga picha ya ukumbi wa michezo. Simameni hapo. Kwenye Ugiriki nzima hapa ndo nimeona majina ya watu ambao hawakuruhusiwa kunyoosha mkono Pnyx.

Jumanne, Athens tena

Ndege ni usiku. Tumerudi Agora, upande wa pili wa reli ya metro inayoenda Piraeus, kuna msingi mdogo uliochimbwa mwaka 1970, Stoa ya Kifalme. Hapa ndo mwanafalsafa Socrates aliitwa kusomewa mashtaka mwaka 399 KK.

Watu wanasimulia kesi yake kana kwamba alianguka kutoka mbinguni. Miaka saba kabla, 406 KK, Athens ilishinda vita vya baharini Arginusae lakini dhoruba ikazuia kuokoa waliozama, mkutano ukakasirika ukataka kuwahukumu majenerali wote kwa kura moja kinyume cha sheria. Socrates siku hiyo alikuwa kwenye zamu ya baraza linaloendesha mkutano, akakataa, peke yake. Ikapita hivohivo, majenerali sita wakauawa, mmojawao Pericles mdogo, yule mtoto wa Aspasia aliyeombewa uraia. Baadae watu walijuta wakawashtaki waliowachochea. Mkutano wa pili ulichelewa.

Na kumbukeni walioirudisha demokrasia mwaka 403 KK baada ya Thelathini kuua watu kama 1,500 walikula kiapo cha kutokumbushana mabaya, na kwa sehemu kubwa wakakitunza, jambo ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko ushindi wao vitani Marathon. Miaka minne baadae mji huohuo ukamhukumu mzee wa miaka 70. Kwa maelezo ya mwanafunzi wake Plato, kura 30 zingehama angetoka huru. Nimekaa pale treni zikipita na bado siwezi kuwachukia, na wala siwezi kuwasamehe hiyo.

Shemeji anasema mwakani twende Sicily, Syracuse, machimbo ya mawe bado yapo. Huko ndo waliishia wale Waathene walioshindwa vitani Sicily mwaka 413 KK, wafungwa wasiopungua 7,000, jua mchana baridi usiku, kikombe cha maji na chakula kidogo kwa siku. Plutarch anasema baadhi yao walipona kwa sababu watu wa Sicily walipenda mno mashairi ya Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Athens; mfungwa aliyekumbuka mistari akaimba alipewa chakula na maji, wengine wakaachiwa, na walipofika nyumbani walikwenda kugonga kwa Euripides kumshukuru. Nimeshamwambia shem aulize bei ya meli.